Nenda kwa Hezekia

Simu ya ukutani ililia, na Dulcie Pardy akaidaka kabla haijalia mara ya pili, mkono mmoja bado umeshika kikaango. Ndivyo alivyokuwa tangu Machi. Simu ile haikuruhusiwa kulia mara mbili.

"Umeshavaa?" Ilikuwa sauti ya Mjomba Selby Hounsell, jirani wa nyumba ya juu, mvuvi mstaafu na mtunzi wa nyimbo za kuwaudhi watu.

"Nimevaa, Mjomba. Na mkate unaungua."

"Vaa nyekundu. Yule Kamishna wa Ottawa akikuona ajue hapa kuna damu."

"Ataijua damu nikifungua mdomo."

"Hapo umesema, mwanangu. Hapo umesema."

Akairudisha simu mahali pake, ukutani, karibu na kalenda. Ilikuwa simu kongwe ya rangi ya maziwa, na waya wake uliojiviringa ulikuwa umelegea kwa kuvutwa na wanawake wa vizazi vitatu waliozungumza huku wakikoroga vyungu. Baba yake, Ambrose, alikuwa mezani akingoja mkate wake na asali nyeusi. Dulcie alimtazama jinsi alivyokuwa akimtazama kila asubuhi siku hizi: kwanza midomo ina rangi gani, kisha mikono.

Machi, Ambrose alianguka palepale, kati ya jiko na meza. Mvua ya barafu ilikuwa imekata umeme Gannet Arm nzima, mji wao mdogo wa wavuvi. Dulcie alipiga magoti, kwa kiwewe akachukua simu ya mkononi iliyokuwa karibu, akabonyeza nambari za dharura, akaona kiduara kinazunguka. Kinazunguka tu, hakina haraka, na mdomo wa baba yake unageuka buluu. Akaitupa simu ile chini ya meza akarukia ile ya ukutani. Ile ya ukutani haijali umeme umekatika au la. Ina waya wake wa shaba na nguvu yake humo humo. Mwanamke wa upande wa pili akajibu mara moja. Gari la wagonjwa likaja likifuata nyuma ya mtambo wa kukwangua barafu, na Ambrose akarudi akiwa na kidude cha kuongoza moyo kifuani na masharti chungu nzima ambayo hakufuata hata moja.

Na sasa Kittiwave walitaka kung'oa waya.

Kittiwave ndiyo kampuni ya simu. Chumvi inakula shaba, walisema. Watu ni wachache, nguzo zimelala, na tena nani anatumia waya siku hizi? Si kila mtu ana simu mfukoni? Intaneti yetu ya simu hapo Gannet Arm ina kasi ya hadi megabiti hamsini. Hadi. Neno hilo lilikuwa kwenye kila tangazo lao, dogo, limejificha mbele ya tarakimu kubwa.

"Hadi!" Mjomba Selby alisema siku tangazo lilipobandikwa kwenye mlango wa duka. "Hata mimi naweza kuishi hadi miaka mia mbili. Nani atanikataza?"

Lakini sheria ipo, na Tume ya mawasiliano ndiyo inayoisimamia. Kampuni hairuhusiwi kuondoa waya mpaka ithibitike kwamba wateja wanapata kasi waliyoahidiwa. Tume ikatoa programu ya kupimia: mtu anaiweka kwenye simu yake, anabonyeza, anangoja, na jibu linakwenda lenyewe Ottawa bila kupitia mikono ya kampuni. Vipimo vya raia. Dulcie aliposikia neno hilo alihisi mgongo umenyooka. Akaichukua kazi ile kama vita vyake. Alikuwa na saluni kwenye chumba cha mbele cha nyumba, na kwa wiki nzima hakuna aliyetoka kwenye kiti chake bila kuahidi kupima. Aliwashika vichwa vikiwa vimelowa povu. "Umepima? Pima leo. Pima na kesho." Wakapima wote, hata wale ambao hawakupendana, hata mchungaji.

"Wakiona vipimo vyetu," Dulcie alimwambia baba yake sasa, akimwekea sahani, "wataona aibu kuomba hata kikombe cha chai."

"Yule kijana wao haoni aibu kirahisi," Ambrose alisema, na bega lake likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka tena habari ya jana.

Jana mchana kijana mrefu mwenye buti mpya alibisha mlangoni, kompyuta ameikumbatia chini ya koti ili isilowe. Declan Furey, fundi mkuu wa Kittiwave, ametoka mji mkubwa wa St. John's kuja kutoa ushahidi. Aliomba radhi kwa usumbufu. Alitaka kujua mtandao unapatikana wapi hapa, maana ana kazi ya kutuma ofisini kabla ya kesho.

"Nenda kwa Hezekia," Ambrose alimwambia kutoka kwenye kiti chake.

"Nyumba ipi, mzee?"

"Panda njia ya kanisani. Utamkuta mbele kabisa, anatazama bahari."

"Nibishe hodi tu?"

"Bisha. Mkarimu sana yule."

"Atakuwepo saa hizi?"

"Atakuwepo. Hajatoka tangu mwaka wa sitini na mbili."

Kijana akashukuru, akaondoka. Ambrose alicheka hadi Dulcie akamfungua kifungo cha shati kwa hofu.

Hezekia Vey alikuwa makaburini, juu ya kilima, chini ya jiwe jeusi. Mahali pale, na pale tu, jicho linavuka ghuba na kuuona mnara wa simu wa ng'ambo. Ukisimama karibu na jiwe lake simu inaamka kama iliyomwagiwa maji. Kwa hiyo Gannet Arm hakuna aliyesema anakwenda kupiga simu. Watu walisema wanakwenda kwa Hezekia. Wasichana waliwaambia mama zao wanakwenda kwa Hezekia, na mama walijua ni mvulana gani. Watu walikuwa wamechumbiana kwa Hezekia, wamefukuzwa kazi kwa Hezekia, wamepata habari za wajukuu. Kulikuwa na njia iliyochongwa na miguu kwenye nyasi, na mtu fulani alikuwa ameweka kiti cha plastiki.

"Kaa karibu na simu," Dulcie alimwambia baba yake akiwa mlangoni. "Ukisikia chochote kifuani—"

"Nitasikia njaa kifuani. Nenda, bibie. Nenda ukawatafune."

*

Ukumbi wa mji ulinuka makoti yaliyolowa. Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Kamishna Thibault, mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi zilizokatwa vizuri sana (Dulcie aliona hilo kabla ya kitu kingine), alikaa nyuma ya meza ya harusi iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Kando yake kijana wa Tume alikuwa anarekodi kila neno. Upande wa kushoto, Furey na wakili wa kampuni, Bwana Strickland, aliyevaa tai ya rangi ya divai na kutabasamu kama mtu anayesubiri chakula alichokwisha kukilipia.

Kamishna alieleza utaratibu kwa Kiingereza chenye ladha ya Kifaransa. Kampuni itasema. Raia watasema. Kila upande utauliza swali la mwisho. Kisha kumbukumbu itafungwa, na baada ya hapo hakuna atakayeongeza neno. "Mimi sihukumu ninachokihisi," alisema. "Nahukumu kilichomo kwenye kumbukumbu."

Furey akasimama. Hakumtazama mtu. Akawasha taa ya kuonyeshea picha, na ukutani ikatokea Gannet Arm kutoka juu: ghuba, barabara, paa za nyumba. Juu yake kulikuwa na umbo moja la pembe sita, jinsi Tume inavyoigawa ramani yake, kubwa, limefunika mji wote, lina rangi ya kijani, yaani mtandao upo.

"Kampuni haikuleta vipimo vyake yenyewe," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma. "Tuliogopa kuambiwa tunajipendelea. Tumechukua vipimo vilivyotumwa Tume na wakazi wenyewe." Akabonyeza. "Wastani wa vipimo vya wakazi ni megabiti arobaini na saba."

Vichwa viligeukiana.

"Rudia," Mjomba Selby alisema kutoka nyuma.

"Arobaini na saba."

Hapo paliwaka. Watu waliinuka. Kiti kilianguka. Mama mmoja alipiga kelele kwamba mtandao wake haujawahi kufungua hata picha ya mjukuu, arobaini na saba ya nini, ya vidole? "Mwongo!" mwingine akasema. "Wamechezea!" Neno hilo likadakwa na kurushwa kutoka safu hadi safu. Wamechezea. Wamechezea. Kamishna aligonga meza kwa kiganja na kitambaa cha kijani kikateleza.

Dulcie hakuinuka. Arobaini na saba. Vipimo vyake. Vya viti vyake, vya vichwa vyake vyenye povu. Alikuwa amewakusanyia Kittiwave silaha kwa mikono yake miwili, akazinoa, akazifunga kwa utepe.

Strickland aliinuka polepole. "Mheshimiwa Kamishna, hatuna la kuongeza. Wakazi wamesema wenyewe."

*

Kamishna aliwapa mapumziko ya chai. Akina mama wa kanisa walimimina kwa hasira, na biskuti zikagawiwa kwa wote isipokuwa Strickland, ambaye sahani ilimpita kana kwamba hana mdomo.

Mjomba Selby alimvuta Dulcie kando, karibu na mlango wa jikoni, penye simu ya zamani ya ukumbi.

"Sikiliza. Swali letu la mwisho ni lako. Simama useme vipimo vimechezewa."

"Unajua vimechezewa?"

"Najua vina harufu."

"Vinakwenda Ottawa moja kwa moja, Mjomba. Kampuni haivigusi."

"Nani ataligundua hilo leo? Sema vimechezewa, Kamishna lazima aanzishe uchunguzi. Uchunguzi wa serikali, mwanangu! Utakula majira ya baridi mazima. Na wakichunguza waya unakaa ukutani. Baba yako anakaa salama. Si hicho unachotaka?"

Kilikuwa hicho hasa. Dulcie alijiona akilisema. Neno moja, na ukumbi mzima ungelipigia makofi. Aligeuka akakiona kichwa cha Furey kule mbele, kimeinama juu ya kikombe kitupu, na akajua ni nani ambaye neno hilo lingemwangukia.

"Ulipima ngapi wewe?" alimuuliza Selby.

"Mimi? Arobaini na ngapi vile. Nzuri tu."

"Nzuri tu?" Alimshika mkono. "Ulipata arobaini na hukushangaa?"

"Nishangae nini? Ni kawaida ya pale."

"Pale wapi?"

"Kwa Hezekia, wapi tena?" Selby alimtazama kama aliyeulizwa jua linachomoza upande gani. "Si ulisema tupime kwa simu? Simu zinafanya kazi wapi hapa?"

Dulcie alimwacha. Alimwendea mchungaji. "Baba Mchungaji, ulipima wapi?" Kwa Hezekia, baada ya ibada. Akamwendea mama wa picha ya mjukuu. Kwa Hezekia, binti yangu, na goti hili, nilipanda ili nikusaidie wewe. Akaenda kwa huyu, akaenda kwa yule, na kila jibu lilimpiga mahali palepale. Walikuwa wameshika njia ileile ya nyasi, mmoja mmoja, kwa utii, kwa upendo, wakangojeana zamu kwenye kiti cha plastiki. Walikuwa wamepima kasi ya maiti.

Na yeye? Yeye alikuwa wa kwanza. Alikumbuka vizuri, akajiona: ameegemea jiwe, upepo umemjaa nywele, amebonyeza, amefurahi jinsi jibu lilivyokwenda upesi. Hata hakuitazama tarakimu. Miguu ilikuwa imempeleka kabla kichwa hakijauliza, maana kwa maisha yake yote simu ya mkononi ilikuwa kitu cha kupeleka kilimani.

Akatoka nje kwenye ngazi, kwenye ukungu, akaitoa simu. Akafungua programu. Akabonyeza. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Alikijua kiduara kile, aliwahi kukitazama akiwa amepiga magoti. Mwisho maandishi yakatokea: kipimo hakikukamilika, hakitatumwa. Akabonyeza tena. Hakitatumwa. Ndipo alipouelewa mtego wote. Mahali penye mtandao panasema. Mahali pasipo mtandao hapawezi hata kusema kwamba hapana. Nyumba zao zilikuwa zimekaa kimya huko Ottawa, na aliyesikika ni Hezekia peke yake.

Kengele ya mkono ililia ndani. Mapumziko yalikuwa yamekwisha.

*

Alisimama mbele ya meza ya kijani. Nyuma yake alisikia viti vikilia, watu wakisogea kumpa nguvu.

"Wape, Dulcie!"

"Wape moto, bibie!"

"Mheshimiwa Kamishna," alisema. "Kampuni haijachezea vipimo."

Kwanza hawakumwelewa. Kisha wakamwelewa.

"Nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Selby.

"Vipimo ni vya kweli. Ni sisi tuliokosea. Mimi nilikosea, mimi ndiye niliyewatuma. Watu wote hawa walipima mahali pamoja. Hakuna aliyepimia nyumbani kwake."

"Kaa chini!" mtu alipiga kelele. "Umelipwa?" Mwingine akacheka kicheko kibaya. Dulcie alihisi kila neno likigonga kati ya mabega. Kesho wangekuja kwenye saluni yake au wasingekuja. Hilo alilimeza. Lililokataa kumezeka lilikuwa jingine: kwamba baba yake yuko jikoni sasa hivi, peke yake, chini ya simu ya rangi ya maziwa, na kwamba yeye amekwisha kuutoa ukutani waya ule kwa ulimi wake mwenyewe iwapo mambo yangeishia hapa.

Kamishna aliinama mbele. "Mahali gani hapo?"

"Ningependa nisiwe mimi wa kujibu," Dulcie alisema. "Nina haki ya swali moja. Namuuliza Bwana Furey."

Strickland alikwisha kuinuka nusu.

"Bwana Furey," Dulcie alisema, "jana ulikuwa na kazi ya kutuma ofisini. Hizo picha ulizotuonyesha leo. Ulizituma ukiwa umesimama wapi?"

"Napinga!" Strickland alisema. "Swali halihusiani na vipimo. Mahali anapotumia simu yake shahidi ni jambo lake binafsi."

"Ni mtandao wenu," Dulcie alisema. "Ameusifu mbele yetu. Nauliza aliutumia wapi."

Kamishna alimtazama Strickland, kisha Furey, kisha kijana wa kurekodi. "Shahidi ameapa. Atajibu."

Furey alisimama. Strickland akamshika mkono wa koti na kumnong'oneza, maneno mawili matatu, na kila mtu aliona shingo ya kijana ikipanda wekundu. Dulcie alimtazama. Buti zake hazikuwa mpya tena. Matope mekundu ya kilimani yalikuwa yamekauka hadi kwenye kifundo. Angeweza kusema barabarani. Angeweza kusema hakumbuki. Kulikuwa na uongo mdogo mdogo mwingi mezani pale, safi kabisa, wa kuokota tu, na kazi yake ilikuwa imening'inia juu ya kila mmoja. Dulcie alikuwa amekataa wa kwake. Hakuwa na haki ya kumdai mtu mwingine akatae.

Jikoni maji yalianza kuchemka.

"Nilijaribu kwanza kwenye nyumba ya wageni," Furey alisema. "Haikuwezekana. Nikajaribu bandarini. Nikajaribu mbele ya shule." Akazitazama buti zake. "Nikaambiwa niende kwa Bwana Hezekia."

Mtu mmoja alianza kucheka na kujizuia.

"Ni nani huyo?" Kamishna aliuliza. "Yumo humu ndani?"

"Hapana, Mheshimiwa." Furey alivuta pumzi. "Ni marehemu. Nilizituma nikiwa makaburini. Kwenye jiwe lake. Na..." Strickland alimvuta tena koti, na safari hii kijana aliuchomoa mkono wake. "Na jana usiku nilizitazama nukta za vipimo. Zote ziko pale. Umbo la pembe sita linafunika mji mzima, ndiyo maana linaonekana kijani. Lakini nukta ziko makaburini. Niliziona, sikusema."

Hapo Mjomba Selby hakuweza tena. Alisimama juu ya benchi, kofia mkononi, na sauti yake iliyokuwa ikishinda injini za boti ikajaza paa:

"Hezekia amelala, mtandao u kichwani,
Sisi tungali twakula, hatuupati nyumbani,
Watwambia bila hila, kasi imejaa ndani,
Basi tufe sote, ala! tuongee kaburini!"

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka, walilia, waligonga sakafu kwa buti. Hata kijana wa kurekodi aliinamisha uso. Kamishna aliwaacha kidogo, kisha akainua kiganja, na kitu fulani usoni mwake kikawanyamazisha kuliko kugonga meza.

"Wimbo huo umeingia kwenye kumbukumbu," alisema. "Sasa nitasoma kanuni." Akavaa miwani. "Kampuni inaweza kuondoa waya pale ambapo wateja wanapata kasi waliyoahidiwa, 'mahali wanapoishi.'" Akavua miwani. "Bwana Strickland, kuna mteja wenu yeyote anayeishi makaburini?"

Strickland aliishika tai yake. Lile tabasamu lilikuwa limekwisha kuondoka bila kuaga.

"Hapana, Mheshimiwa."

"Vipimo vyote vya wakazi nimeviondoa kwenye kumbukumbu. Havifai kwa upande wenu, na Bi Pardy, havifai kwa upande wenu pia."

"Naelewa," Dulcie alisema.

"Uamuzi kamili mtaupata kwa maandishi. La leo nalisema leo. Kampuni itapima upya, mlangoni kwa kila nyumba, mbele ya mtu wa Tume, na kipimo kisichokamilika kitaandikwa kuwa sifuri. Aliyenunua kifurushi cha hadi hamsini akipata sifuri mlangoni kwake ana haki ya kuvunja mkataba bila adhabu. Mpaka hapo hakuna atakayegusa waya. Hata nguzo iliyolala haitainuliwa bila ruhusa yangu." Akamtazama Furey kwa muda. "Kijana, ulichelewa kusema. Lakini umesema."

*

Walimzunguka. Waliomzomea ndio waliofika kwanza, kama kawaida ya watu. Mama wa mjukuu alimkumbatia hadi akakosa pumzi. Mjomba Selby hakuja. Alisimama mbali akikunja kofia yake, na Dulcie ndiye aliyemfuata.

"Ulikuwa unaniua pale mbele," Selby alisema.

"Nilijiua mwenyewe kwanza."

"Mimi nilikuwa tayari kusema uongo kwa ajili ya Ambrose."

"Najua, Mjomba. Ndiyo maana sikukupa swali."

Selby akaivaa kofia yake. Akacheka.

Nje, Strickland alikuwa garini tayari, taa zimewashwa, mlango wa abiria umefungwa. Furey hakuwa ameingia. Alikuwa amesimama kwenye ukungu na simu mkononi, ameinua uso, anatafuta. Pengine alitaka kumwambia mtu wake kwamba huenda hana kazi. Hatimaye aliitia mfukoni, akageuka, akaanza kuipanda njia ya kanisani. Mtu mmoja alimwita kutoka kwenye ngazi, bila ukali: "Msalimie!"

Dulcie alirudi ndani, kwenye simu ya zamani karibu na mlango wa jikoni. Vidole vilizijua nambari. Akasikia mlio wa waya, ule mkwaruzo wa chumvi ambao Kittiwave waliuita uchakavu.

Ikalia. Ikalia mara ya pili.

Akasimama wima. Baba yake alikuwa na kiti chini ya simu ile. Alikuwa amemwambia akae hapo. Ikalia tena. Kelele za ukumbi zilisogea mbali, na akauona mdomo ule, na ile rangi, na sakafu kati ya jiko na meza. Ikalia. Aligeuka kumtafuta Selby kwa macho, mtu yeyote mwenye gari karibu na mlango, mkono wake mwingine umekwisha kushika koti. Ikalia tena, na tena.

"Nani huyo mpumbavu," sauti ilisema, ina pumzi nzito, "anayemtoa mzee chooni suruali ikiwa mkononi?"

Dulcie aliegemeza paji la uso ukutani.

"Hallo? Dulcie? Ni wewe? Mmeshindwa?"

"Waya unabaki, Baba."

Mkwaruzo ukapita kati yao. Kisha akasikia kiti kikivutwa, na baba yake akikaa.

"Basi vizuri," Ambrose alisema. "Na yule kijana je? Hezekia alimfungulia mlango?"